Upinde wa Liyongo



Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu, kila mwaka tuliusoma utenzi wa Fumo Liyongo, ule alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Wanachuo wanaume walimpenda sana shujaa huyo wa pwani. Kwao huyo ndiye mwanamume: haogopi, hafungiki, hauawi kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Nami sikuwakataza, kwa kuwa nadhani kila mwanamume anaye Liyongo wake moyoni, aliyempokea kabla ya kujua kusoma.

Mwisho wa hadithi tuliupitia haraka, kwa sababu ya mtihani. Liyongo, akiisha kuchomwa na mwanawe mwenyewe, alikwenda karibu na kisima, akapiga goti, akapachika mshale katika upinde, akafa vivyo hivyo. Watu hawakujua kuwa amekufa. Waliona upinde tu. Siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji, mpaka mama yake alipokwenda kumsihi. Ndipo maiti ikaanguka.

Sasa nimestaafu, na sehemu hiyo ndiyo inayonirudia usiku. Nyumbani kwangu watoto waliposikia kengele ya baiskeli yangu walinyamaza. Nilidhani ni heshima. Daftari likijaa, karo ikidaiwa, shati likipasuka, hawakuniambia mimi. Walimtuma mama yao. Kumbe nami nilikuwa nimepiga goti penye kisima, na wenye kiu ni wanangu.

Wazee wenzangu huniuliza: baba akiuweka chini upinde, nani atamtii? Swali hili si la upuuzi. Nyumba isiyo na mlinzi huibiwa. Lakini mfalme Daudi alikuwa mtu wa vita, naye alimlilia Absalomu, mwana aliyetaka kumwua, hata Yoabu akamkemea kwamba anawaaibisha askari wake. Kisha akaketi langoni, na watu wakamwendea. Sioni mahali Biblia inaposema alipungukiwa uanaume.

Mama wa watoto alifariki miaka mitatu iliyopita, nami nikabaki bila mjumbe. Pasaka iliyopita kifungua mimba wangu, ambaye naye ameanza kuota mvi, alikuja akaketi nami barazani tangu adhuhuri hata jua likashuka. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Mwishowe nikamwuliza kama alikuwa akiniogopa. Akatazama chini, akasema, "Baba, hata leo nimeizunguka nyumba mara mbili kabla ya kupiga hodi."