Undugu na Mlango Wake



Kila kikundi cha maombi kinapoanza mtaani petu Katandala, swali lile lile hurudi: je, undugu wa wachache hulijenga Kanisa, au huligawa? Wengine husema vikundi ni majivuno matupu. Wengine husema asiyeingia kikundini bado yu gizani. Kabla ya kuhukumu, tuitazame historia.

Katika Afrika Mashariki, undugu uliovuma kuliko wote ndani ya Kanisa letu la Anglikana ni ule wa Uamsho. Mwaka 1929 Daktari Joe Church, mmisionari wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto uliwaka Gahini, na mwaka 1939 ukafika kwetu Tanganyika, huko Katoke, upande wa Bukoba. Undugu huu haukuwa na kiapo, ada wala siri kama vyama vingine vya undugu. Mtu aliungama mbele ya wenzake, akarudisha alichoiba. Mzungu na Mwafrika waliombana msamaha, na hilo halikuwa jambo dogo siku zile za ukoloni.

Lakini hata nyumba isiyo na kufuli ina mlango. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha Mukono, Uganda, walipokataa kuacha mikutano yao ya alfajiri. Bidii yao ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, aliyeshika taa huona upesi giza la mwenzake kuliko kivuli chake mwenyewe. Na mwaka 1994 katika Rwanda ile ile, Wakristo waliwaua Wakristo.

Je, undugu ule ulikuwa bure? Sivyo. Januari 1964 Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, aliuawa huko Rwanda. Alikuwa akiwatunza Watutsi waliofukuzwa makwao. Hakuuliza kwanza kama wameokoka.

Naona jibu liko hapo. Kikundi si kosa, maana mtu peke yake huchoka upesi. Kosa ni kudhani kwamba pendo linaishia kwa wale tunaoimba nao. Undugu hupimwa kwa yule aliye nje ya mlango.

Nasi Ufipa tunao. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki. Tena Katumba na Mishamo, zilizokuwa mkoani Rukwa kabla ya Katavi kuanzishwa mwaka 2012, zilipokea ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao baadaye wakapewa uraia.

Basi, kikundi chako kikutanapo juma hili, msifunge kwa sala tu. Ulizaneni: ni nani mtaani amefiwa, anaumwa, au ni mgeni, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hodi kwake? Mkishamtaja, nendeni.

Bwana asifiwe.