Mtoto Ageuzwe Lini?

Desemba 2022 binti yangu alikuja likizo kutoka Göteborg, Uswidi, anakofanya kazi ya uuguzi. Alikuja na mjukuu wangu wa kike aliyekuwa na umri wa miaka miwili na miezi minne, masanduku mawili, na kiti. Kiti hicho ndicho kilichotukosanisha. Kilikuwa kiti cha mtoto cha kufungwa ndani ya gari, na pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, hata kabla hatujamaliza kuulizana habari za safari, aliingia katika gari langu akaanza kukifunga kwenye kiti cha nyuma. Alipomaliza nikaona amekifunga kinyume. Mtoto alikaa mgongo ukielekea tuendako na uso ukielekea tulikotoka. Mbele ya macho yake palikuwa na egemeo la kiti, na juu yake kipande cha kioo cha nyuma.

"Mama," nilimwambia, "huyu amekosa nini hata umwadhibu kwa kumtazamisha ukuta?"

"Baba, bado mdogo. Tutamgeuza akikaribia miaka minne."

Miaka minne! Nilinyamaza, lakini si kwa kukubali. Njia nzima ya kwenda Iringa, kilometa kama mia tano, jambo lile lilinikereketa. Tulipokatiza mbuga ya Mikumi tembo walikuwa wamesimama kando ya barabara. Sisi tuliwaona wakitujia. Yeye aliwaona wakiachwa nyuma. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa macho na mikono kabla ya kujifunza kwa maneno, na katika miaka yote ya kazi yangu niliwahimiza walimu wasimkalishe mtoto mahali asipoona. Basi nilijiona nina hoja.

Mgala muue na haki yake mpe. Binti yangu naye alikuwa na hoja, akanieleza usiku ule baada ya chakula, kwa upole wa muuguzi aliyezoea wazee wabishi. Mtoto anapozaliwa, kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Na pingili za shingo yake hazijawa mfupa mtupu. Sehemu zake bado zimeunganishwa kwa gegedu, nazo huchukua miaka kadhaa kukomaa. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega na mikanda, lakini kichwa hakina wa kukishika. Kinaendelea na safari, na ile shingo changa ndiyo inayopewa kazi ya kukisimamisha. Akiwa ametazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa hulalia egemeo kwa pamoja, na nguvu ile hugawanyika. Jambo hili Waswidi hawakuliokota njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wao mmoja, Bertil Aldman, aliona jinsi viti vya wanaanga wa Gemini vilivyotengenezwa ili mgongo mzima upokee msukumo wa chombo, akawawazia watoto. Mwaka 1964 kiti cha namna hiyo kikaanza kufanyiwa majaribio.

Nilichukua penseli, maana mimi ni mtu wa kukokotoa kabla ya kuamini. Kilometa 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita kumi hufika chini kwa mwendo uo huo. Nikaendelea: gari likisimama ghafla ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 12 atamponyoka anayempakata kwa nguvu inayopita uzito wa magunia mawili ya mahindi. Binti yangu huyu nilimsafirisha hivyo hivyo utotoni mwake, amepakatwa na marehemu mama yake kwenye kiti cha mbele, nami nikijiona dereva mwangalifu. Nikaiweka penseli chini. Nilikuwa nimeshindwa kwa hesabu, lakini moyo haukuwa umeshindwa.

Siku ya tano aliamka na homa. Nikasema nitakwenda mjini kununua dawa na matunda, na mtoto akalilia kunifuata. Kiti kile kilikuwa cha namna inayoweza kufungwa pande zote mbili. Nilisimama uani nikiwa na funguo mkononi, nikatazama dirisha la chumba cha mgonjwa, pazia limefungwa. Nikakigeuza.

Nakiri kwamba ilikuwa safari tamu. Kila nilipotazama kioo cha dereva niliuona uso wake, naye kila macho yetu yalipokutana alisema, "Babu!" Pale Ipogolo, kabla ya kuanza kuupanda mlima wa kuingia mjini, daladala iliyokuwa mbele yangu ilisimama ghafla kuchukua abiria bila ya kuwasha taa. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Hatukugusana, labda ulibaki upana wa mkono. Kwenye kioo nilikiona kichwa cha mtoto kikiinama hadi kifuani na kurudi, kama suke la mtama lililopigwa na upepo. Akacheka, akasema, "Tena!"

Nilinunua dawa, nikanunua maembe, nikarudi. Kabla ya kufika nyumbani nilisimamisha gari chini ya mti, nikakirudisha kiti kama kilivyokuwa. Tendo hili la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, maana la kwanza naweza kuliita mabishano ya malezi, lakini la pili halina jina jingine ila kuficha.

Jioni mezani mjukuu wangu, mtu mwaminifu, alisema: "Babu kageuza kiti. Nimeona ng'ombe."

Binti yangu aliweka kijiko chini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, sasa mimi nikiugua, nitamwachia nani mtoto?"

Nami nikajibu maneno ambayo yamenikaa kooni tangu siku ile: "Lakini hakikutokea kitu."

Sentensi hiyo naijua vizuri. Niliisikia mara nyingi nilipokuwa mwalimu mkuu. Niliisikia kwa mwalimu aliyewapeleka wanafunzi mtoni kuogelea akawaacha akaenda zake. Niliitamka mwenyewe baada ya kuruhusu wavulana arobaini wapande nyuma ya lori kwenda kwenye mashindano ya mpira, wakaimba njia nzima na kurudi wote salama. Hakikutokea kitu. Lakini hebu tuwachukue watu wawili waliofanya jambo moja, siku moja, katika barabara moja. Wa kwanza alifika, wa pili hakufika. Wa pili tutamwita mzembe, na huenda tukamfunga jela. Wa kwanza tutamwita nani? Wote wawili walipima sawasawa, au tuseme wote wawili hawakupima. Kilichowatofautisha kilikuwa daladala, nayo haikuwa yao. Mimi pale Ipogolo nilikuwa yule wa kwanza kwa upana wa mkono.

Watu wetu husema ajali haina kinga. Msibani maneno hayo ni dawa; humwondolea mfiwa mzigo wa kujilaumu, nami nimeyasema nikiwa nimeshika mkono wa mtu aliyelia. Lakini ukiyatoa msibani ukaingia nayo kwenye gari asubuhi, yamekwisha kuwa ruhusa. Tena ubaya wa kinga ni kwamba haina shahidi. Mtoto anaweza kusafiri amegeuzwa nyuma miaka minne, asipate kujua hata siku moja kama ilimfaa. Raha ya kumgeuza mbele, kinyume chake, unaiona papo hapo, kwenye kioo.

Na raha hiyo ni ya nani? Hapa ndipo nilipolazimika kujihoji kama nilivyokuwa nikiwahoji wanafunzi waliochelewa. Nilisema nataka mtoto aone dunia. Kumbe madirisha ya pembeni alikuwa nayo siku zote, na wale tembo aliwaona, tena kwa muda mrefu kuliko sisi tuliokuwa tukitazama barabara. Hakuwa amelalamika. Nilisema miguu yake imekunjika. Yeye aliikunja kama mtoto anavyoikunja akikaa mkekani. Ukweli ni kwamba nilitaka anione. Yeye anaishi mbali, mimi nina miaka sabini na kitu, na siku zetu za kuonana zinahesabika. Hilo si tamaa mbaya. Ila nilikuwa nimeivisha tamaa yangu nguo za mtoto, nikaipeleka barabarani kwa jina lake.

Sisemi kwamba wataalamu wamemaliza kila kitu. Mwaka 2002 madaktari wa watoto wa Marekani walisema mtoto atazame nyuma hadi atimize angalau mwaka mmoja na kilo tisa hivi. Mwaka 2011 wakasema miaka miwili. Utafiti mmoja wa mwaka 2007 uliotegemewa sana ulikuja kukokotolewa upya mwaka 2017, ikaonekana kwamba watoto walioumia vibaya katika takwimu zile walikuwa wachache mno kuweza kubeba hitimisho lile. Makala yenyewe ikaondolewa. Mwaka 2018 madaktari hao wakauacha umri, wakasema mtoto abaki akitazama nyuma hadi afikie mwisho wa uzito au urefu wa kiti chake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa iliyoanza mwaka 2013 inataka miezi 15 kwa uchache. Niliposoma hayo nilifurahi kwa muda, nikidhani nimepata kichochoro cha kutokea. Lakini tarakimu zilipotikisika, shingo haikubadilika. Hakuna mtoto anayeamka asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa akiwa na mifupa mipya. Mstari tunauchora sisi, na kwa sababu tunauchora sisi, aliyekabidhiwa mtoto ndiye mwenye chaki. Mimi sikuwa nimekabidhiwa chaki. Nilikuwa nimekabidhiwa mtoto kwa saa mbili.

Kuna atakayesema haya ni mabishano ya wenye magari. Ni kweli. Nje ya geti langu bodaboda hupita kila siku zimebeba baba, mama na kichanga katikati yao, wala hakuna wa kuwauliza kichanga kile kimetazama wapi. Jambo hilo linanitia aibu nisiyojua niifanyie nini. Lakini sioni jinsi kichanga cha bodaboda kinavyosaidika kwa mimi kumnyang'anya mjukuu wangu kinga aliyonayo.

Usiku ule sikulala vema, nikakumbuka desturi moja ya zamani. Miaka ambayo wazazi wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, tulimpima anayeletwa kuanza darasa la kwanza kwa kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, anaandikishwa, asipolifikia, anarudi nyumbani mpaka mwakani. Nimewapima mamia. Wazazi walibembeleza, wengine waliwavuta watoto mkono kwa siri ili ufike, kwa sababu kuanza shule mapema kulikuwa sifa ya nyumba. Nami niliwarudisha bila huruma, nikiwaambia kwamba mwili wa mtoto hausemi uongo. Sikujiuliza kwa nini mkono haufiki. Haufiki kwa kuwa kichwa bado ni kikubwa na mkono bado ni mfupi.

Asubuhi nilimwita mjukuu wangu uani, nikamwonyesha namna ya kufanya. Alijitahidi sana. Vidole vyake viliishia utosini, vikakamata mkufu wa nywele zilizosukwa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, homa imeshuka, anatutazama.

"Baba, unamwandikisha shule?"

"Namrudisha nyumbani," nilimwambia. "Nisamehe, mama."

Safari ya kurudi Dar es Salaam aliendesha yeye. Mimi nilikaa nyuma, kando ya kiti cha mtoto, nimejigeuza mpaka kiuno kikaniuma. Tulipofika Mikumi tembo hawakuwapo, kulikuwa na nyani tu. Aliwatazama kwenye kioo cha nyuma wakipungua, wakipungua, mpaka wakawa nukta, kisha akanigeukia akanipungia mkono mimi badala yao.