Asili Chini ya Taa: Bangi ya Kilimo Hai na Mpaka wa Maumbile na Ufundi

Swali la mpaka kati ya kilicho cha asili na kilichotengenezwa na binadamu ni miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa, na kila zama hulikuta upya katika sura yake. Katika zama hizi sura mojawapo imejitokeza katika vyumba vilivyofungwa vya Marekani, Kanada na Ulaya, ambamo bangi hukuzwa chini ya taa za umeme katika udongo uliorutubishwa kwa mboji na samadi pekee, na wakulima wake huyahesabu mazao hayo kuwa ya kilimo hai. Kilimo hai ni ukulima unaotegemea uhai wa udongo na mizunguko ya viumbe, badala ya mbolea za chumvi za viwandani na viuatilifu vya sumu. Linalostahili kuchunguzwa ni iwapo mmea usiopata jua, upepo wala mvua tangu kuota hadi kuvunwa unaweza kuingia katika maana hiyo, na iwapo kuingia humo kunatosha kuufanya uwe mmea mwema.

Kipimo cha kwanza hutoka kwa Aristotle, ambaye katika kitabu cha pili cha Fizikia alieleza kwamba kitu cha asili ni kile chenye chimbuko la mwendo na utulivu wake ndani yake chenyewe, ilhali kitu cha ufundi hulipata chimbuko hilo kutoka nje, kwa fundi aliyekiunda. Akataja hoja ya Antiphon kwamba kitanda kikizikwa ardhini, kikaoza hata kikachipua, kitakachoota ni mti na wala si kitanda, kwa kuwa umbo la kitanda lilitoka kwa seremala, lakini nguvu ya kuchipua ni ya mti. Kwa kipimo hiki bangi ya chumbani ni ya asili, kwa kuwa hakuna mkulima aundaye ua. Mkulima huandaa udongo, maji na mwanga, kisha mmea hujijenga kwa nguvu iliyomo ndani yake.

Hata hivyo, kipimo hicho hutikiswa na majuma ya mwisho ya kuchanua. Aina nyingi za bangi huanza kuchanua usiku unaporefuka, tabia ya mimea ambayo watafiti wa Marekani Garner na Allard waliibainisha mwaka 1920 kwa kuchunguza tumbaku na soya. Shambani majira ndiyo yanayorefusha usiku. Chumbani mkulima hupunguza mwanga kutoka saa 18 hadi 12 kwa siku, na mmea husadiki kwamba majira yamegeuka. Tena mimea ya kiume huondolewa mapema ili ile ya kike isipate chavua, na kwa kukosa chavua mmea wa kike huendelea kutoa maua juu ya maua kwa majuma nane hadi kumi, kutegemea aina ya bangi, huku vinyweleo vyake vya utomvu vikibadilika kutoka weupe wa kioo hadi weupe wa maziwa, kisha rangi ya kaharabu. Aristotle mwenyewe, katika kitabu chake kuhusu nafsi, alisema kwamba tendo la asili kuliko yote kwa kilicho hai ni kuzaa kingine kilicho mfano wake. Basi katika chumba hiki nguvu ya mmea inafanya kazi kikamilifu, lakini lengo lake, yaani mbegu, limezuiwa kwa manufaa ya mwingine.

Pingamizi hili ni zito, lakini halimalizi mjadala, kwa sababu kulielekeza upya lengo la mmea ni kazi ya ukulima wote tangu mwanzo wake. Migomba ya Bukoba huzaa ndizi zisizo na mbegu na huendelezwa kwa machipukizi yanayopandwa na watu, na hakuna anayedai kwamba kibanja cha Mhaya, yaani shamba lake la migomba, si sehemu ya maumbile. Kwa hiyo kasoro ya chumba cha taa, kama ipo, haitokani na mkono wa binadamu kugusa mmea, bali inapaswa kutafutwa katika uhusiano wa chumba hicho na yale yanayokizunguka.

Uhusiano huo unaonekana wazi zaidi pale mavuno yanapokaribia. Mkulima anayetumia mbolea za chumvi huacha kuzitia siku za mwisho na kumwaga maji matupu ili kuziosha zilizobaki katika udongo, ilhali mkulima wa kilimo hai hana chumvi za kuosha. Chakula cha mmea wake hufunguliwa polepole na bakteria, kuvu na minyoo wanaoozesha mboji, na kwa kuwa kazi hiyo huchukua majuma, chochote kitakachoongezwa mwishoni hufika kikiwa kimechelewa. Mkulima wa namna hii hana budi kutoa maji na kungoja, huku majani ya zamani yakigeuka manjano kwa sababu mmea unahamisha naitrojeni yake kwenda kwenye maua. Kuna adabu kubwa katika kungoja huku, kwa maana mtu anakubali kwamba kazi iliyobaki si yake, na kwamba udongo ulioandaliwa vyema miezi kadhaa kabla unastahili kuaminiwa.

Lakini kando ya imani hiyo kwa udongo zinanguruma mashine. Maua yaliyoshikana hushambuliwa upesi na ukungu wa kijivu katika hewa nzito isiyotembea, kwa hiyo feni, viyoyozi na mashine za kupunguza unyevu hufanya kazi usiku na mchana. Ndani ya chungu mkulima anautegemea uhai, na nje ya chungu anautegemea umeme kwa kila kitu ambacho shambani hutolewa bure na mbingu.

Hapa inafaa kukumbuka mafundisho ya Albert Howard, mtaalamu Mwingereza aliyeendeleza njia ya kutengeneza mboji huko Indore, India, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1940 kilisaidia kuweka msingi wa kilimo hai. Howard alisisitiza sharti la kurudisha, yaani kwamba kila kinachotolewa ardhini kirejeshwe ardhini ili rutuba isipungue. Chumba cha taa hulitimiza sharti hilo katika udongo na kulivunja katika nishati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado ulikadiria kwamba kuzalisha kilo 1 ya maua makavu ya bangi ndani ya majengo nchini Marekani hutoa gesi joto sawa na kilo 2,283 hadi 5,184 za kaboni dioksidi, kutegemea mahali, na sehemu kubwa ya mzigo huo hutokana na kurekebisha hewa na kuwasha taa. Mzunguko uliofungwa kwa uangalifu ndani ya chungu unavujia kwenye soketi ya ukutani.

Taasisi zinazothibitisha kilimo hai hazijaafikiana juu ya mpaka huu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018 inadai mazao ya kilimo hai yakue, kwa jumla, katika udongo ulioungana na ardhi ya chini, ilhali bodi ya ushauri ya viwango vya kilimo hai nchini Marekani ilikataa mwaka 2017, kwa kura 8 dhidi ya 7, kupiga marufuku ukuzaji wa mimea katika maji yenye virutubisho bila udongo. Bangi haipewi nembo ya serikali kuu ya Marekani kwa kuwa sheria ya shirikisho inaikataza, na pengo hilo limejazwa na mipango mingine, ukiwemo ule wa Sun+Earth unaoithibitisha bangi iliyokua juani na ardhini peke yake.

Haki inadai pia kuuliza nani aliyeuingiza mmea huu ndani. Mwaka 1983 jimbo la California lilianzisha kampeni ya kuteketeza mashamba ya bangi kwa msaada wa helikopta, na wakulima wengi wakajificha chini ya paa. Kuta zimeendelea kuwa kinga hata pale sheria ilipolegea. Nchini Afrika Kusini, Garreth Prince, Mrastafari aliyesomea uanasheria, alishindwa mwaka 2002 katika Mahakama ya Katiba alipodai haki ya kuitumia bangi kama sehemu ya ibada, lakini tarehe 18 Septemba 2018 mahakama hiyohiyo ilikubali hoja yake ya faragha, ikaruhusu mtu mzima kuipanda na kuitumia faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Mmea ulikataliwa kama ibada na kukubaliwa kama siri ya nyumbani. Kwa Warastafari, ambao maisha ya aitali huwataka wale na kuishi kwa vitu vya ardhi visivyochafuliwa, ushindi huo una uchungu ndani yake, kwa kuwa mmea wanaouhesabu kuwa zawadi ya uumbaji umepewa nafasi kwa sharti la kutoonekana.

Lakini hata mmea uliokua juani haupati wema kwa sababu hiyo tu. John Stuart Mill, katika insha yake kuhusu maumbile iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe cha haki, kwa maana maumbile huua na kutesa kila siku. Fikra ya Kiislamu ilikwisha kulijua hilo: zabibu na tende ni neema, lakini ulevi unaotokana nazo umeharamishwa, na wanazuoni kama al-Zarkashi wa karne ya 14 waliipinga hashishi kwa kuangalia athari yake katika akili. Mboji bora haipunguzi madhara ya bangi kwa ubongo wa kijana unaoendelea kukua, na nembo ya kilimo hai haijibu swali la ulevi.

Hukumu inayofuata ni kwamba bangi ya chumbani ni ya asili kama mmea, udongo wake waweza kuwa hai kwa kila hali, lakini ukulima wake haustahili kuitwa kilimo hai maadamu nishati yake haihesabiwi pamoja na samadi yake. Palipo na ruhusa ya sheria, uadilifu unadai mmea urudishwe juani. Na pasipo na ruhusa hiyo, kama ilivyo Tanzania na Kenya, swali la uhalali na la ulevi hutangulia swali la mbolea. Wanaoweka viwango wanapaswa kuipima taa kwa ukali uleule wanaoupimia udongo, na mnunuzi anayejali uumbaji naye aulize mwanga ulitoka wapi kabla ya kuuliza mboji ilitoka wapi.