Neno la Leo Lisingoje Kesho

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Yusufu, Mlawi wa Kipro. Mitume walimwita Barnaba, maana yake Mwana wa Faraja, naye aliishi sawasawa na jina hilo.

Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, wasisadiki ya kuwa ameamini. Barnaba alimtwaa, akampeleka kwa mitume, akamsemea. Baadaye Yohana Marko aliwaacha njiani kule Pamfilia, na Paulo akakataa kumchukua tena. Barnaba akamchukua. Mwisho Paulo mwenyewe alimwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa alimfaa kwa utumishi.

Basi, kama Barnaba angalinyamaza, ni nani angaliwashika mkono watu hawa wawili?

Hata katika usharika wetu wako akina Marko. Yuko aliyeanguka, naye sasa huketi nyuma karibu na mlango. Yuko mwanafunzi wa ubatizo asiyeshika mafundisho upesi. Yuko mjane ambaye watu wamekwisha kuacha kumpa pole. Neno la upole laweza kuwainua. Neno la dharau laweza kuwafukuza wasirudi.

Wala faraja si kusifu uongo. Hatusomi kwamba Barnaba alisema Marko hakukosa; twasoma kwamba alimchukua tena kazini.

Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Kabla jua halijachwa, mwendee mmoja, umtie moyo. Bwana aziongoze ndimi zetu. Amina.