Je, Kumshtaki Mwajiri ni Kukosa Subira?

Ndugu msomaji, msimu wa korosho ukifika, maghala ya Mtwara hujaa watu na magunia. Tufikiri habari ya karani mmoja katika ghala kama hilo. Mshahara wake haucheleweshwi, wala hapigwi. Lakini kila asubuhi msimamizi humtukana mbele ya wapagazi, hulidhihaki kabila lake na kumwita mjinga. Jioni avukapo maji kurudi kwake Msangamkuu hana hamu ya chakula, na usiku usingizi humkimbia. Jamaa zake humwambia: "Mwenye nguvu mpishe. Muislamu ni mtu wa subira." Je, akimshtaki mwajiri wake, atakuwa ameiacha subira?

Kwanza yatupasa kujua kwamba dharau ni dhuluma, ijapokuwa haimwagi damu. Wazee wetu walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kurani Tukufu, Sura Al-Hujuraat aya ya 12, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na Sura An-Nisaa aya ya 149 yafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hapendi mabaya yatangazwe, lakini aliyedhulumiwa ameruhusiwa kusema.

Tena tazama mfano wa Abu Dharr r.a. Siku moja aligombana na mtu, akamwaibisha kwa ajili ya mama yake ambaye hakuwa Mwarabu. Mtu yule hakunyamaza, alikwenda kwa Mtume Mtukufu s.a.w. akashtaki. Je, aliambiwa avumilie tu? La! Mtume s.a.w. alimgeukia Abu Dharr, akamwambia kuwa bado anao ujahili ndani yake, na kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu. Tangu hapo Abu Dharr akawa anamvika mtumishi wake nguo kama zake mwenyewe. Basi shtaka lile lilimponya mshtaki, na lilimponya mshtakiwa zaidi.

Hata katika nchi yetu jambo hili si geni. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulionya kwamba kiongozi asiwe mwenye majivuno, dharau wala uonevu. Katika miaka iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliacha kazi zao kwa muda wakilalamikia matusi ya mameneja. Hawakudai mkate tu, walidai heshima.

Huenda ukauliza: Na msamaha je? Sura Ash-Shuuraa aya ya 41 inausifu msamaha uletao matengenezo. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, alieleza kuwa msamaha ni tabia njema unapotolewa mahali pake. Ukimsamehe msimamizi naye akaona haya na kujirekebisha, umefanya vyema sana. Lakini ikiwa kunyamaza kwako kunamwongezea kiburi, na kesho atamtukana kibarua mnyonge kuliko wewe, kunyamaza huko kumekuwa chakula cha dhuluma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumsumbua mfanyakazi kwa sababu kama kabila, dini au jinsia yake. Tena mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, sheria humhesabu kuwa ameachishwa. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na mengineyo ndani ya siku 60. Na huko jambo la kwanza si hukumu bali ni usuluhishi, njia ambayo Uislamu waipenda.

Lakini mshtaki naye ana hesabu yake mbele ya Mungu. Asiongeze neno ambalo halikusemwa. Asimwite shahidi ambaye hakuwapo. Asitafute kumvunja mwenzake ili moyo wake upoe. Kwanza amwonye msimamizi kwa upole, au ampelekee habari mkubwa wake. Akikataliwa, aende mbele ya haki bila ya hofu, huku akimwombea dua yule anayemshtaki.

Basi, ndugu msomaji, subira ni kushika ukweli na adabu wakati moyo unapouma. Mtu aweza kuwa nayo akiwa kimya, na aweza kuwa nayo akiwa amesimama mbele ya msuluhishi. Na wewe uliyepewa watu chini yako, jihadhari na machozi yao, kwani yako mashtaka yasiyopita mbele ya Tume yoyote. Mwenyezi Mungu atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.