Kumsaidia Mwanafunzi Bila Kumbeba

Katika shule zetu, za Same mjini na za milimani, wanafunzi wengi husoma pamoja katika vikundi vya wanne au watano. Ni jambo jema. Lakini yafaa tujiulize: mwenye kujua akimpa mwenzake jibu alinakili, je, amemsaidia au amemnyang'anya kitu?

Wazee wa Upare wametuachia mfano. Ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, kama zile za Bangalala, hutunzwa kwa msaragambo. Kila nyumba huleta jembe lake. Lakini maji yakifunguliwa, kila mtu kwa zamu yake huyaelekeza shambani mwake mwenyewe. Asiyefanya hivyo mahindi yake hunyauka, ijapokuwa ndiva imejaa. Elimu nayo ni hivyo: kikundi hukusanya maji, bali shamba ni la kila mmoja.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka mwanafunzi awe na akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine, kisha apime mwenyewe lipi limfae. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Viongozi wao hawakuwa mabingwa. Kazi yao ilikuwa kuongoza mazungumzo, si kuhutubu.

Wengine watasema ni ukatili kumwacha mwenzako ahangaike na hesabu, hali jibu unalo. Sisi twasema, kumngojea si kumwacha. Keti naye, umwulize amefika wapi na amekwama wapi. Siku ya mtihani ataingia peke yake, na baada ya shule maisha yatamwuliza mengi ambayo hayumo kitabuni.

Kwa hiyo kila mmoja na ajaribu kwanza peke yake, kisha wakutane. Uongozi uzunguke, asishike mmoja daima. Naye mwalimu asifanye kikundi kuwa mapumziko yake. Apite, asikilize, amwite yeyote aeleze ubaoni, hata yule mnyamavu.

Nasi wazazi, mtoto arudipo nyumbani, tusimwulize tu, "Umepata jibu?" Tumwulize, "Umelipataje?"