Tarehe Imekwisha Tangazwa

Kila inapotangazwa sinema kubwa ya kubuni ya kisayansi, yale mambo ya vyombo vya angani na sayari za mbali, vijana wenzangu huanza ubishi ule ule: itawahi tarehe yake au haitawahi? Mimi ubishi huo nimeuacha. Itawahi. Siku ikifika taa zitazimwa na kitu fulani kitaonyeshwa, kwa sababu mabango yamekwisha bandikwa na pesa za watu zimekwisha pokelewa. Swali linaloninyima raha ni jingine kabisa, nalo si la ufundi, ni la haki. Ahadi ile nani aliitoa, na nani anailipa?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Usemi huu tumeukariri tangu darasa la tatu, tukauandikia insha, tukapewa alama zetu tukaenda zetu. Lakini hebu utazame vizuri, msomaji. Unachukulia kwamba mwenye mdomo ulioahidi ndiye mwenye mkono utakaolipa. Je, mdomo ukiwa wa huyu na mkono ukawa wa yule?

Nitachukua mfano mmoja, maana kubishana hewani hakuna faida. Agosti 1978 kampuni ya Paramount ya Marekani ilianza kupiga picha za Star Trek: The Motion Picture, sinema iliyotokana na mfululizo wa televisheni ulioonyeshwa tangu 1966 hadi 1969. Mwongozaji alikuwa Robert Wise, mtu mzima mwenye jina lake, yule aliyeongoza The Sound of Music. Tarehe ya kutoka ikapangwa: 7 Desemba 1979. Wenye majumba ya sinema wakatoa dhamana ya fedha kabla hawajaona chochote, kama ilivyokuwa desturi ya biashara ile, na Paramount ikapokea. Tangu hapo tarehe ile haikuwa mpango tena. Ilikuwa mkataba, na kuuvunja ni kupelekana mahakamani.

Sasa sikia. Kufika Februari 1979 waigizaji wamekwisha maliza kazi yao, lakini kampuni iliyopewa zile picha za kiinimacho, chombo kikipita angani na lile wingu kubwa lenye siri ndani yake, haikuwa na cha kutosha cha kuonyesha baada ya miezi mingi na fedha nyingi. Ikaachishwa. Akaitwa Douglas Trumbull, aliyewahi kufanya kazi kama hiyo katika 2001: A Space Odyssey, na John Dykstra, aliyeifanya katika Star Wars. Imebaki miezi tisa hivi.

Hapa inafaa nieleze kwa nini sinema za aina hii zina balaa kuliko nyingine. Ukitaka picha ya arusi unatafuta bibi arusi, bwana arusi, jamvi na wapiga ngoma, jioni umemaliza. Ukitaka picha ya chombo kikipita mbele ya sayari ya Mshtarii, hakuna mahali pa kukifuata. Kompyuta za kuchora picha kama za leo hazikuwapo. Walijenga chombo kidogo cha mfano, wakakipaka rangi, wakakipiga picha kwa kamera inayosogea taratibu mno, mara kwa taa hizi, mara kwa taa zile. Nyota zikapigwa peke yake, wingu peke yake, kisha vyote vikaunganishwa kwenye mkanda mmoja, tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja likikosewa, rudia. Leo kompyuta zipo, lakini matabaka hayakupungua, yameongezeka. Tukiona kinachowezekana tunadai zaidi. Basi anayetangaza tarehe ya kazi kama hiyo anahesabu saa za kitu ambacho bado hakuna aliyewahi kukifanya. Ni sawa na kuahidi mahari ya ng'ombe ambao mama yao hajazaliwa.

Watu wa Trumbull wakafanya kazi usiku na mchana, zamu kwa zamu. Yeye mwenyewe kazi ilipokwisha akalazwa hospitalini. Jerry Goldsmith, mtunzi wa muziki, alimaliza kurekodi siku chache tu kabla ya onyesho la kwanza. Hapakuwa na nafasi hata ya kuwaonyesha watazamaji wachache kwa majaribio ili ijulikane wapi inachosha. Mwishowe Wise akaubeba mkanda mwenyewe kwenda Washington, umetoka maabara punde, ukaonyeshwa tarehe 6 Desemba. Kesho yake milango ikafunguliwa kwa watu wote. Imewahi!

Tena ilivuna. Iligharimu kiasi cha dola milioni 44, ikaingiza duniani kote kama milioni 139. Kwa mwenye daftari la hesabu mjadala umekwisha hapo. Wahakiki wengi walilalamika kwamba inajikokota, lakini tiketi zilikuwa zimekwisha katwa. Ila mwongozaji hakuridhika. Mwaka 2001, akiwa na miaka 87, alishirikiana na watu wenye utaalamu wa kompyuta wakatoa toleo jingine: hapa amepunguza, pale ameongeza, na picha ambazo mwaka 1979 hazikupata muda zikatengenezwa. Miaka 22 baada ya tarehe.

Najua wapo watakaoniambia, kijana, bila tarehe hakuna kinachokwisha. Sipingi. Sisi tunaojaribu kuandika riwaya tunalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Wangapi tuna daftari chini ya godoro, sura ya nne tangu mwaka juzi, kwa kuwa hakuna anayetudai? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na wenye majumba ya sinema si wezi hata kidogo: wameweka fedha zao, wamekataa sinema nyingine, na Krismasi ndiyo mavuno yao. Wala kuchelewa hakuleti ukamilifu. 2001: A Space Odyssey ilitangazwa mwaka 1965 ikatoka Aprili 1968, na bado Stanley Kubrick akaikata dakika 19 hivi baada ya watu kuiona kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo simtetei mchelewaji.

Ninachosema ni kwamba ahadi ile ilikuwa na sehemu mbili, siku na kitu, na hizi mbili haziko sawa mbele ya hakimu. Siku iko kwenye kalenda, mtoto anaweza kuihesabu. Kitu, je? Nani atakwenda mahakamani kusema wingu hili lilihitaji wiki sita zaidi? Ndiyo maana wakubwa wakibanwa hutimiza ile sehemu inayoshtakika, na ile nyingine wanawaachia mafundi waione watakavyoiona. Mtazamaji wa Desemba 1979 aliahidiwa sinema. Alichopewa kamili ni Desemba.

Na mafundi wenyewe? Yule aliyekuwa akipaka rangi chombo cha mfano saa tisa za usiku hakumwahidi mtu yeyote chochote. Alikuta tarehe imekwisha tangazwa. Mkubwa aliyetia saini aliahidi mgongo wa mwenzake. Utasema: alilipwa, tena alijua anachokifuata, angeweza kukataa. Hili ndilo pingamizi zito, na nimelizungusha kichwani siku nyingi. Ni kweli alilipwa, na penye njaa neno la kwamba angeweza kukataa tulitumie kwa uangalifu, lakini tuliache hilo. Mshahara hununua saa zako. Sidhani kama unanunua pia ile hali ya kukabidhi kitu ambacho macho yako yanakuambia hakijaiva, huku jina lako limeandikwa juu yake. Wise alilipwa pia, naye si mtu wa kukosa chakula, lakini uzeeni bado alikuwa akirudi kwenye kazi ile ile kuimalizia. Hundi haikulifuta hilo.

Kusogeza tarehe kunaogopwa kama msiba, na sioni sababu. Star Wars ilitakiwa itoke Krismasi ya 1976, ikatoka 25 Mei 1977. Leo nani anaomboleza ile Krismasi? Sinema ya pili ya Avatar ilisemwa itatoka 2014, ikatoka Desemba 2022, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2. Ila tusijidanganye. James Cameron aliweza kusogeza kwa sababu ni Cameron. Mwenye nguvu ya kutangaza ndiye huyo huyo mwenye nguvu ya kusogeza, na fundi wa matabaka hana hata moja kati ya hizo mbili. Kwake kusogezwa huenda kukawa miezi mingine ya usiku ule ule, au mkataba umekwisha na kazi haijaisha, arudi nyumbani akasubiri.

Kwa hiyo mimi sidai kwamba tarehe zisogezwe. Nadai kitu kidogo zaidi, na wenzangu wananicheka, wananiambia ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuendesha hata genge la nyanya: kabla tarehe haijatamkwa, aulizwe yule atakayeilipa. Si lazima akubaliwe. Aulizwe tu, na jibu lake liandikwe mahali, ili siku ya lawama lisomwe. Wala Paramount haikukosa wa kumuuliza. Trumbull alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoingia kwenye kazi ya Kubrick, akaona kwa macho yake jinsi miezi inavyomezwa na picha za aina ile. Kama kulikuwa na mtu Marekani anayejua wingu moja linachukua muda gani, ni huyo. Lakini alipoishika kazi ile ilikuwa imebaki miezi tisa, dhamana zimekwisha pokelewa, na muda si jambo ambalo mtu angeweza kumuuliza tena.